Kibao cha Kwa Watiri

Mimi nikikasirika nikiwa na kichwa cha mtu mkononi, mwenye kichwa ndiye huumia. Kwa hivyo siku ile karani wa kaunti alipobandika tangazo mlangoni pa saluni yangu, nilimwomba mteja ashuke kitini kwanza. Tangazo lilisema kichochoro chetu hapa Chaka kinapewa jina rasmi, na jina lililopendekezwa ni Barabara ya Mzee Ngugi.

Ati Ngugi! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu hasira ikanipanda, nikarusha kitana.

Wacha niwaeleze. Ngugi, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa na hadiwea kubwa, duka la vifaa vya ujenzi, pale kwenye barabara ya Nanyuki, na miaka ya nyuma alijaribu kukiziba hiki kichochoro kwa seng'enge ili aweke mchanga na kokoto zake. Aliyemzuia ni jirani yangu, Cucu Watiri. Cucu ndivyo watu wa huku humwita nyanya, na huyu ni nyanya wa kila mtu. Alikata seng'enge kwa panga, akabeba kiti kutoka kanisani, akaketi katikati ya njia akifuma sweta kwenye baridi yote ya Kieni mpaka Ngugi akachoka. Tangu hapo, hata sisi tuliokuja kutoka mbali, mimi nikiwa wa Siaya, husema tunaenda Kwa Watiri. Mwambie mtu wa boda akupeleke Barabara ya Ngugi uone kama hatakufikisha Nyeri.

Nilimkimbilia Cucu. Nilimkuta akilisha kuku.

"Risper, mtoto yangu," akasema nilipomaliza kubweka, "sitajifanya. Mimi nataka hiyo jina. Niliketi pale mpaka miguu ikavimba. Nataka niione na macho yangu, imeandikwa na rangi."

"Utaiona, Cucu. Haki ya Mungu utaiona."

Kikao cha kuchukua maoni kilifanyika katika ukumbi wa kanisa, na ukumbi ulijaa pomoni. Mwenyekiti alikuwa Wasike, afisa wa mipango ya miji, mtu mpole wa kutoka Bungoma. Mbele kabisa alikaa Gicheru, mtoto wa Ngugi, na suti yake ya harusi. Cucu alikuwa amevaa kitambaa cha kichwa cha kanisani, na macho yake yanang'aa.

Wasike akafungua kwa maombi, kisha akatuvunja moyo. "Kuna sheria moja," akasema. "Barabara haiwezi kupewa jina la mtu aliye hai."

Watu wote wakageuka kumwangalia Cucu.

"Sasa mnataka nikufe?" akauliza. "Leo haiwezekani. Niko na kuku ya kulisha jioni."

Wee! Ukumbi ulilipuka. Hata Wasike alificha uso nyuma ya faili. Lakini mimi sikucheka sana, kwa sababu nilimwona Gicheru akitabasamu na kurekebisha tai yake, na damu ikanichemka. Nikasimama kabla sijajua nitasema nini.

"Mwenyekiti, mimi ni mgeni hapa, lakini nimesuka nusu ya Chaka na kwa saluni mtu hujua ukoo wa kila mtu. Hawa watu binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake. Si ni hivyo?"

"Ni hivyo!" ukumbi ukajibu.

"Basi Cucu hakuanza hilo jina. Kuna Watiri mwingine, nyanya yake, na huyo alikufa zamani. Pea huyo!"

Jamani, makofi! Akina mama walipiga ngemi, vile vigelegele vya huku, mtu mmoja akapanda kwenye benchi. Wasike akatabasamu kwa sababu hata yeye, alisema, amebeba jina la babu. "Sawa," akasema, "lakini kamati itataka kujua huyo marehemu alifanyia watu nini."

Hapo ndipo tukapata wazimu. Mwalimu Mbae akasimama kwanza, uso umekunjwa kama wa matangani. "Marehemu alikata seng'enge kwa panga."

"Marehemu alitupa maji ya tanki yake wakati wa kiangazi," Mwikali wa mboga akaongeza.

"Tanki mbili!" Cucu akasahihisha.

"Marehemu alinifumia sweta," akasema polisi mmoja, na sweta yenyewe ameivaa. Mtu akaanzisha wimbo wa mazishi, watu wakaupokea kwa sauti tatu, na Cucu mwenyewe akaimba ya chini. Nilicheka hadi machozi.

"Lakini marehemu ameketi pale!" Gicheru akapiga kelele. "Anaimba!"

Wasike akagonga meza. Kicheko kikapungua pole pole. "Mimi nimefurahi kama nyinyi," akasema, "lakini siwezi kuandika uongo. Mama, sema wewe mwenyewe. Ni nyanya yako alifanya haya mambo?"

Nikamkonyeza Cucu. Neno moja tu, na kibao ni chetu. Akasimama, akavuta kitambaa chake vizuri.

"Hapana," akasema. "Kukata seng'enge ni mimi. Maji ni mimi."

Gicheru akaanza kupiga makofi.

"Ngoja, kijana, sijamaliza. Cucu yangu hakufika hapa Chaka. Wakati wa Emajensi, Mwingereza akipigana na Mau Mau, alichukuliwa pamoja na wamama wengine kuchimba ule mtaro mrefu kando ya msitu. Mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni. Asubuhi moja alitoka na jembe yake, na hakurudi. Hatukuonyeshwa kaburi. Baba yangu alitafuta mpaka akazeeka. Akiona mimi nacheza anasema, mama, kuja hapa. Ati mama. Ananiita mama na analia."

Cucu akaninyooshea kidole.

"Risper alikuwa anacheza, lakini amesema ukweli. Hii jina si yangu, nilipewa niiweke. Nilikuwa naitaka sana, siwezi kuwadanganya. Lakini andikeni yake. Mimi mtanitafutia kitu ingine nikikufa, hata choo ya soko."

Tulicheka na kulia pamoja, yaani hata sijui nilikuwa nafanya nini. Wasike alipouliza wanaokubali, mikono ilijaa hewani. Gicheru aliangalia viatu vyake, kisha naye akainua mkono.

Siku ya kusimamisha kibao nilifunga saluni. Tulipika chai ya sufuria kubwa na chapati, tukacheza mpaka vumbi likatuingia puani. Kwa Watiri, rangi nyeupe juu ya kijani kibichi. Cucu alikuja nyuma ya wote, amebeba maua ya shambani kwake, akayafunga kwa uzi wa sufu na kuyalaza chini ya mlingoti. Akapiga magoti hapo. Sikuelewa alichosema, kwa sababu alikisema kwa Kikuyu na kwa sauti ya mtoto. Nikageuka, nikapangusa uso kwa aproni.

Hapo hapo Maxwel wa boda akafika na abiria, akaegesha pikipiki kando ya mlingoti, gurudumu karibu likanyage maua. Cucu aliruka juu kama msichana.

"Wewe Maxwel! Toa hiyo kitu yako hapo! Huoni cucu yangu amelala?"