Wimbo Una Mwenyewe

Mwalimu Zita Ndunguru alivaa miwani, akakohoa kidogo, akaanza kuwasomea wajumbe historia ya chama.

Walikuwa wamekaa katika chumba chao cha kupanga pale Mbinga, nyuma ya duka la pembejeo, wakiandaa sherehe ya kutimiza miaka thelathini ya Chama cha Wanamuziki na Watunzi wa Nyimbo. Zita ndiye katibu, na mwandiko wake unajulikana hadi Mbamba Bay, kwa hiyo hakuna aliyeuliza nani aandike.

"Chama chetu kilizaliwa na wimbo mmoja," alisoma. "Mwaka 1995 mwenyekiti wetu, Ndugu Wilfred Kapinga, alitunga 'Shuka Taratibu'. Wimbo ukapendwa milimani na ziwani. Bendi nyingine zikaanza kuupiga bila kumtaja mtunzi. Kwa uchungu wa kuporwa jasho lake, Ndugu Kapinga akawakusanya wenzake wakaunda chama, na ibara ya kwanza ya katiba yetu ikawa: Wimbo una mwenyewe."

Wajumbe walipiga makofi. Mzee Othmar, mpiga ngoma ambaye alikuwapo tangu siku ya kwanza, alifuta macho kwa kiganja. Wilfred peke yake hakupiga. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mwenyekiti, nimekosea mahali?" Zita aliuliza.

"Hapana, mwalimu. Umeandika vizuri sana." Akainua uso. "Ila usiipeleke kuchapwa kwanza. Nipe wiki moja."

Zita hakukosea. Aliandika kile ambacho kila mtu alikijua. Tatizo ni kile ambacho Wilfred alikijua peke yake, na ambacho hakuwahi kumwambia hata mkewe Gaudiosa.

Mwaka 1994, akiwa kijana wa miaka ishirini na saba, Wilfred alishuka Liuli kupiga gitaa kwenye harusi. Wakati wa kurudi, gari lililowabeba liliteleza kwenye matope, likalala ubavu, na mguu wake wa kulia ukavunjika mara mbili. Akalazwa hospitali ya misheni wiki saba. Kwenye kitanda cha jirani alilala seremala mmoja mwenyeji wa hapo, Elias Ndimbo, aliyekuwa ameanguka kutoka juu ya paa alilokuwa akiliezeka. Wote wawili miguu ilikuwa imening'inizwa juu kwa kamba, hivyo hawakuwa na pa kwenda ila kuzungumza.

Elias hakuwa mwanamuziki. Alikuwa na wimbo mmoja tu maishani, na aliutunga kwa ajili ya mtu mmoja. Alimtungia Vitalia, msichana wa Tingi aliyekuwa akishuka na kapu la maharage kuja kubadilishana na samaki, ambaye sasa alikuwa mkewe. Kila jioni Vitalia alipotokea mlangoni na chakula, Elias aliimba kwa sauti ya chini:

*Shuka taratibu, Vitalia,*
*mteremko haukimbii.*
*Ziwa halihami, Vitalia,*
*na mimi sihami.*

Wodi nzima ilicheka. Vitalia aliinamisha uso, akajifanya kutafuta kijiko.

Siku Wilfred aliporuhusiwa, alimshika Elias mkono. "Nitarudi kukuona, kaka. Nitakuja na gitaa, tuuimbe pamoja."

Hakurudi. Mwaka uliofuata bendi yake ilikwenda Songea kurekodi kaseti. Walikuwa na nyimbo tano, mwenye studio akataka sita. Wilfred akaimba ule wa Elias. Jina la Vitalia aliliona ni la mke wa mtu, akaweka jina la kwanza lililomjia kichwani, Lidia. Fundi wa studio akauliza, "Mtunzi nani?" naye akajibu, "Mimi." Lilikuwa neno moja tu, na alilitamka haraka ili warudi nyumbani. Wimbo ukavuma. Wengine walipoanza kuupiga, alikasirika kweli kweli, kama mtu aliyesahau alikoutoa. Huenda alikuwa amesahau. Lakini sasa Zita ameandika, na maandishi hayasahau.

Siku ya tatu baada ya kikao alipanda gari la Mbamba Bay na maharage ya ngoro zake mwenyewe, yale mashimo ya kulimia mlimani, kwenye mfuko wa kilo kumi, na kahawa aliyoikaanga Gaudiosa. Hakujua kama Elias yu hai.

Pale Liuli alielekezwa nyumba kwa swali moja tu. Mama mwenye mvi alikuwa uani, akigeuza usipa juu ya kichanja, dagaa wale wadogo wa ziwani, wakauke sawasawa. Wilfred alimtambua kwa jinsi alivyoinamisha uso.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Karibu. Umetoka wapi?"

"Mbinga. Naitwa Wilfred Kapinga."

Mkono wa Vitalia ulisimama juu ya usipa. Akamtazama kutoka kofia hadi viatu. Kisha akageukia banda la nyuma, akaita bila kupaza sana sauti, kama anayesema chakula kimeiva: "Baba Nicholaus! Njoo, mwizi wako amefika."

Elias alitoka na penseli sikioni na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa amezeeka, anachechemea. Wilfred alianza pale pale, mfuko ukiwa bado begani. "Kaka Elias, nimekuja kuungama. Ule wimbo—"

"Tua mzigo kwanza. Mtu haungami na maharage mgongoni."

Akatua. Akapewa kiti. Alipofungua mdomo tena, Vitalia alimkata. "Kabla hujaendelea, nina swali langu, na nimelikalia miaka thelathini. Lidia ni nani?"

Wilfred hakuelewa.

"Nilikuwa sokoni," Vitalia alisema, "nasikia redio ya dukani inaimba. Maneno ni yale yale niliyoambiwa mimi, kwenye mteremko ule ule, lakini anayeimbiwa ni Lidia. Na nesi wa wodi ya mume wangu aliitwa nani?"

Wilfred akakumbuka. Nesi. Bila shaka, jina lile lilitoka hapo. Nesi Lidia aliyepita kila asubuhi na trei ya dawa.

"Nikasema huyu alimwimbia nesi, nawe ukausikia hivyo. Nilirudi nyumbani nikamkuta huyu anakula. Nikamnyang'anya sahani."

"Alikuwa samaki mbasa," Elias alisema. "Mnono. Hadi leo namkumbuka."

"Nikaenda kwetu Tingi. Nikakaa miezi miwili. Akapanda na wajomba zake kunifuata, anaapa kwamba Lidia hamjui zaidi ya vidonge. Nilirudi kwa sababu ya watoto. Kumwamini nilimwamini polepole, mwaka hadi mwaka. Lakini kila wimbo ulipopigwa, nilimtazama usoni."

Wilfred alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa baraza la kijiji. Kwa hili hakujiandaa. Katika miaka yote hiyo aliyokuwa akiusifia mlima na ziwa jukwaani, hakuwahi kufikiri kwamba neno lake lilikuwa limeingia katika nyumba ya watu na kukaa mezani.

"Ni mimi, shemeji," alisema. "Mimi ndiye niliyeliweka jina lile. Nilitaka lolote lisilokuwa lako, likanijia la nesi. Kaka hakuwa na kosa. Hakujua hata kama nimeuimba."

Vitalia alimgeukia mumewe.

"Si nilikwambia?" Elias alisema.

"Uliniambia. Lakini ni tamu zaidi kuyasikia kutoka kwa mwizi mwenyewe." Na hapo akacheka, akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akaingia ndani kupika.

Wanaume wawili wakabaki. Elias alikwangua kwa kucha doa la gundi kwenye kidole chake.

"Wimbo haukuniuma sana," alisema hatimaye. "Nani angeusikia huku kwangu? Kilichoniuma ni kwamba ulisema utarudi. Nilikutengenezea kigoda cha kuegeshea ule mguu. Kikakaa, kikakaa. Mwisho watoto wakakikalia hadi kikavunjika."

Wilfred alivua kofia, akaiweka magotini.

"Halafu umeuharibu. Vitalia ana silabi nne, wewe umeweka tatu. Noti moja umeiacha njiani. Wimbo unachechemea kutuzidi sisi wawili. Haya, imba."

Akaimba. Elias akamkatisha kwenye mstari wa kwanza. Walirudia mara saba, hadi ugali wa muhogo ulipowekwa mezani.

Mkutano mkuu ulipofika, Wilfred alisimama akasema yote mbele ya wanachama, bila kupunguza. Ambokile, afisa ugani kutoka Tukuyu anayepiga kinanda kanisani, aliinuka.

"Mimi ulinisimamisha miezi sita, mwenyekiti! Kwa kuazima kiitikio tu! Ukanisomea ibara ya kwanza mbele ya watu!"

"Nilikusomea," Wilfred alisema. "Naomba unisamehe. Na kiti hiki nakiacha leo."

Ndani ya moyo alitumaini kwamba angalau mtu mmoja angesema, hapana, kaa. Hakusema mtu. Walipiga kura, wakamchagua Mwalimu Zita, na Wilfred akahamia benchi la nyuma karibu na Mzee Othmar, aliyemsogezea nafasi bila neno. Wakati wa kutoka, Ambokile alimsubiri mlangoni. Hakusema amesamehe. Alimuuliza tu, "Ile noti iliyopotea, inakaa wapi hasa?" Wakatembea pamoja hadi stendi, Wilfred akimwimbia.

Kwenye sherehe, Zita alisoma historia mpya. Ilikuwa ndefu kidogo, na ilikuwa na jina la Elias Ndimbo wa Liuli mahali palipostahili. Elias aliimba mwenyewe, kwa sauti ya seremala isiyo na madaha, na Vitalia aliyekaa mstari wa mbele akajifanya kutafuta kitu kwenye mkoba wake.

Siku hiyo hiyo Elias alijiandikisha uanachama. Ikawa balaa tamu. Kila mwezi anapanda kutoka Liuli, analala kwa Wilfred, anakula mahindi ya Gaudiosa, na kikaoni hakuna wimbo unaopita bila yeye kuunyooshea penseli. Mara, "Huu mwisho wake umefika mapema." Mara, "Huu maneno mengi, punguza." Mwezi uliopita alikosoa utangulizi wa gitaa wa Wilfred, Wilfred akanyoosha mkono ajitetee.

"Subiri zamu yako, Ndugu Kapinga," alisema Mwenyekiti Zita. "Mzee Elias hajamaliza."