Ukuta wa Joto

Julai ya Dodoma haina masihara. Upepo wa asubuhi unapenya sweta, na wafanyabiashara wa Majengo hufungua maduka wakiwa wamejikunyata. Isipokuwa Mishi. Duka lake la kanga, chini kabisa katika ghorofa la Mzee Hanifu, lilikuwa na ukuta wa nyuma wenye joto. Wenzake walikuja kuuegemea na vikombe vyao vya chai, wakimwombea dua mwenye jengo. Mwenye jengo aliposikia, akaanza kufikiria kupandisha kodi.

Stara, binti wa kaka yake Mishi, ndiye aliyekuwa fundi umeme wa jengo hilo. Siku alipouegemea ukuta huo hakumwombea mtu dua. Alikimbilia chumba cha umeme upande wa pili wa ukuta, akakuta kebo kubwa imelegea kwenye swichi kuu, ganda lake limeanza kuyeyuka. Na upande wa shangazi yake kanga zilikuwa zimepangwa mpaka darini.

Dawa ilikuwa rahisi: kuzima jengo zima, kukata ncha iliyoungua, kuifunga upya na kuikaza. Kazi ya asubuhi moja. Lakini kumwambia Mzee Hanifu azime umeme ilikuwa sawa na kumwambia anyoe ndevu sokoni. Juu ya mlango alikuwa ameandika kwa rangi ya kijani: JENGO LISILOZIMIKA. Umeme wa mtaa ukikatika, jenereta yake hujiwasha yenyewe, naye alijivunia hilo kuliko wanawe.

Stara alimsihi mpaka mzee akakubali, kwa sharti moja. Jengo lenye jina halizimwi kihuni kama kibanda. Litazimwa kwa heshima, na mgeni rasmi.

Dodoma siku hizi mgeni rasmi hatafutwi kwa tochi. Akapatikana Mkurugenzi Octavian, wa idara ambayo hata mshereheshaji alilisahau jina lake. Ikaja tenti, vikaja vipaza sauti vyenye kimo cha mtu, feni, birika za umeme na mashine ya bisi, vyote vikachomekwa kwenye umeme uleule mgonjwa. Stara aliweka kiganja ukutani, akakiondoa upesi. Akamwomba shangazi yake azisogeze kanga. Mishi akajibu kwamba atazisogeza wageni wakishapita, maana duka tupu halipendezi kwenye picha.

Mgeni alichelewa, kama ilivyo ada ya wageni rasmi. Alipokaribia, mshereheshaji akatangaza ratiba: mgeni atazima, patapigwa makofi, atawasha, kisha chakula. Stara alisubiri asikie neno matengenezo. Hakulisikia. Akamfuata Mzee Hanifu.

“Shikamoo mzee. Mimi nitakaza saa ngapi?”

“Marahaba. Utakaza siku nyingine, mwanangu. Leo ni siku ya kuzima.”

Hasira ilimpanda Stara mpaka masikio yakamwaka. Alikwenda kwenye jenereta akaifunga isijiwashe, kisha akatoa mfukoni kufuli lake jekundu, lile ambalo fundi hulitia kwenye swichi anapofanya kazi, asije mtu akawasha na kumuua.

Mkurugenzi akaingia chumba cha umeme, akaushika mkono wa swichi kuu, akaushusha. Muziki ukafa. Makofi yakalipuka. Kabla hajaupandisha, Stara akapitisha kufuli, akalibana, na ufunguo akautia kifuani.

Mzee Hanifu alinyakua kipaza sauti akafoka. Mishipa ya shingo ilimsimama, midomo ikacheza, lakini kipaza sauti kilikuwa kimezimwa pamoja na jengo. Walioketi nyuma ya tenti walidhani anatoa shukrani, wakampigia makofi. Octavian alidhani kufuli ni sehemu ya sherehe. Akampa Stara mkono wa pongezi, akaenda kwenye pilau.

Stara alihakikisha kwa kipimo kwamba umeme umekatika kweli, ndipo akaifungua kebo. Ganda lilimbakia mkononi kama ngozi ya kiazi kilichochomwa. Alikuwa akikata ncha Mishi alipoingia, ameshika kanga mpya aliyoivuta kutoka ukutani. Aliikunjua. Katikati palikuwa pameungua rangi ya kahawa.

“Ukishakaza, ukuta utapoa?” aliuliza.

“Utapoa, shangazi.”

Mishi akaikunja kanga taratibu.

“Na sisi tulikuwa tunamwombea dua,” alisema.

Nje, Mzee Hanifu alikuwa bado anahutubia.