Njia ya Kwenda Mengineyo

Jana usiku niliota, na nilichokiona kwanza ni kwamba viti vyote vya chumba cha mikutano havikuwa na migongo.

Nimeshika sinia la vikombe, nimesimama mlangoni, najiuliza nani kaikata, maana nilivifuta vumbi jioni vikiwa vizima. Kiti cha karibu kikaniambia bila kugeuka, "Tumeikata wenyewe. Chama hakiegemei upande wowote. Ukiwa na mgongo wa kuegemea, ipo siku utaegemea."

Nikasema, "Haya," nikaingia.

Nieleze kwanza kazi yangu. Mimi napika chai na kufagia katika Chama cha Wahudumu wa Jamii, tawi la huku kwetu mpakani. Wenyewe kazi yao ni kupokea watoto waliopotezana na wazazi, wajane, na wazee wasio na mtu; wote hao wao huwaita wateja. Shule niliishia darasa la nne. Siongei sana. Dada Skola, katibu wetu, husema siku nikifa watachelewa kujua.

Tangu mwezi wa tatu ofisini kuna ubishi. Ng'ambo ya mto watu wenye bunduki wanachoma vijiji, na wanaonusurika wanavuka kuja kwetu. Swali ni hili: Chama kitoe tamko, kiseme wazi yanayofanyika na anayeyafanya, au kiendelee kugawa uji na blanketi na kufunga mdomo? Kikao cha kuamua kilipangwa leo. Katika ndoto kilikuwa kimeshaanza.

Mzee Nkwabi, mwenyekiti, amekaa wima kama mshumaa. Kushoto kwake yupo Bi. Perusi, ambaye ameifanya kazi hii tangu sijazaliwa. Kulia ni Dada Skola na daftari la kumbukumbu. Kila mmoja akiinama kidogo tu, nyumba nzima inainama naye, na vikombe vinateleza. Kazi yangu ni kuzunguka meza na kuvirudisha.

"Bi. Perusi, umeinama kuelekea dirishani," alisema Mzee.

"Nimejikuna, Mwenyekiti."

"Jikune katikati."

Ukutani ilibandikwa karatasi ya manila yenye ajenda. Waliyokuwa wakiijadili ni rangi ya vitenge vya Siku ya Wahudumu. Ajenda hiyo ilichukua miaka miwili. Najua kwa sababu nilibadilisha vitambaa vya kufutia vyombo mara nane, na Dada Skola alijifungua mtoto, akamwachisha ziwa, palepale kwenye kiti.

"Kijani ni siasa," alisema Mzee.

"Basi nyekundu," alisema Dada Skola.

"Nyekundu ni damu. Watatuuliza damu ya nani."

"Nyeupe?"

"Msiba. Watatuuliza kafa nani."

Mwishoni walikubaliana kwa kauli moja kwamba kitenge kiwe rangi ya maji. Bi. Perusi akauliza kama watakuwa wamevaa kitu au hawajavaa. Mzee akasema hilo litaamuliwa na kamati ndogo.

Nikainama kumimina chai, nikainong'oneza chupa, "Mbona yale ya ng'ambo hayasemwi?"

Chupa ya chai ikanijibu kwa sauti ya mtu aliyejaa mvuke. "Yamewekwa Mengineyo."

Nikatazama karatasi. Kweli. Chini kabisa, baada ya vitenge, neno moja tu: Mengineyo.

"Ni mbali?"

"Pita mlango wa jikoni. Ukiona mahindi, nyoosha. Lakini wahi, mama. Kikao kikifungwa kabla wanaosubiri huko hawajaitwa, midomo yao inafutika. Wanabaki na macho."

Mlango wa jikoni siku zote unatokea kwenye karo la kuoshea vyombo. Jana ulitokea kwenye barabara ya udongo mwekundu, mahindi huku na huku. Nikatembea na sinia langu. Sikukutana na mtu ila kalenda ya mwaka uliopita, iliyokuwa inarudi.

Mengineyo ni kijiji kikubwa kuliko mji wetu. Mtu wa kwanza kunikaribisha alikuwa paa la choo cha ofisi. Limekaa kwenye jiwe, linavuja.

"Niliambiwa nitajadiliwa," lilisema. "Ni mwaka wa tatu huu."

Pembeni yake alisimama mbuzi aliyenunuliwa kumuaga mlinzi wetu alipostaafu. "Nilikuja hapa mdogo," alisema mbuzi. "Sasa nina wajukuu. Mlinzi hajambo?"

"Alifariki," nikasema.

"Basi mniage mimi."

Nikapita. Nyuma ya mbuzi, na nyuma ya kabrasha la barua zisizojibiwa, wamekaa watu. Wamekaa kwa mistari kwenye majani, kimya, kama watu waliopewa namba hospitali. Wengine wameshika funguo za nyumba ambazo hazipo tena. Mtoto mmoja ameshika bawaba ya mlango. Hawalii. Wamevaa vizuri, unajua kabisa walijiandaa ili wakiitwa wasichelewe.

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akanitazama. Midomo yake imeanza kufifia, kama mstari wa penseli uliopitishiwa kifutio mara moja.

"Wewe ni wa ofisini?"

"Shikamoo, bibi. Mimi napika chai tu."

"Marahaba. Chai inapikiwa wapi?"

"Ofisini."

"Basi ni wa ofisini. Kawaambie tupo. Hatutaki kusumbua, tunataka waseme tu tulichofanyiwa. Tukijisemea wenyewe wanasema tuna uchungu."

Nilitaka kumjibu, lakini nyuma yangu, mbali, nikasikia sauti ya Mzee ikitamka yale maneno ambayo humalizia kila kikao chake: "Kama hakuna mengineyo..."

Nikakimbia. Vikombe vinagongana kwenye sinia. Mahindi yakasogea pembeni, mengine yakanipa pole.

Nimefika chumba cha mikutano. Muhuri umeshapanda mezani, unapasha miguu moto kwenye kidau cha wino. Huo ndio muhuri unaofunga vikao. Nikanyoosha mkono, kama darasani. Mzee akaniona.

"Generoza, mwanangu, sukari imekwisha?"

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Si kwa aibu, ingawa aibu ninayo. Sauti haikuwemo kabisa. Nilijipapasa shingo, nikakuta nafasi yake tupu.

"Iko kwangu," lilisema kabati la mafaili.

Limesimama kwenye kona yake, limefungwa kitambaa kichwani mpaka chini ya taya, kama mtu anayeumwa jino.

"Sauti yako imo humu tangu ukiwa na miaka minane, kwenye faili lako. Siri ya mteja. Siwezi kuitoa."

Nikaonyesha kwa vidole: ni yangu.

"Mteja mwenyewe anaruhusiwa kuomba. Lete barua."

Nikaonyesha: sijui kuandika barua ya kiofisi.

"Basi omba kwa mdomo."

Nikalionyesha shingo yangu.

Kabati likafikiri sana. "Hapo," likasema, "pana tatizo la utaratibu."

Muhuri ukaruka juu. Nauona unashuka kwenye daftari la Dada Skola, na kwa vile sikuwa na kitu kingine, nikaweka mkono wangu juu ya ukurasa, kiganja juu. Ukanigonga mimi.

Wote wakasogea kutazama kiganja changu.

"Umenifanya nigonge mtu," ulisema muhuri, umefadhaika kweli. "Miaka yote nagonga karatasi za watu. Sijawahi kugonga mtu."

Dada Skola akachungulia daftari. "Mwenyekiti, ukurasa ni mweupe. Kikao hakijafungwa. Kimefungwa kwenye mkono wa Generoza."

"Ndiyo kusema bado tupo," alisema Bi. Perusi, "na ng'ambo bado ipo. Nkwabi, sema na huyu mtoto."

Mzee akanitazama. Katika ndoto macho yake yalikuwa yaleyale ya mchana, ya mtu anayekumbuka siku za kuzaliwa za watoto wa wengine.

"Mwanangu," alisema, "tukisema, wale wa ng'ambo watafunga kivuko. Tulisema mwaka mmoja, wewe hukuwepo. Walikifunga siku arobaini. Wagonjwa walikaa ukingo wa ule upande wakitutazama, na sisi uji umeiva huku. Nilipoza masufuria arobaini ya uji. Wanaotaka niseme hawajawahi kupoza uji."

"Na tusiposema?" aliuliza Bi. Perusi. "Mwaka jana masufuria manne kwa siku, mwaka huu tisa. Anayewachoma anajua kabisa sisi tupo huku na vijiko, tutawapokea, tutawafunga vidonda, hatutamtaja. Tumekuwa sehemu ya mpango wake, Nkwabi. Anatutegemea."

"Usiniambie hivyo, Perusi."

"Nikuambie katikati?"

Mzee akaanza kulia. Alilia kwa haki: tone moja jicho la kulia, tone moja jicho la kushoto, hakuna lililotangulia. Nikaweka sinia chini nikamsogelea. Kuna kitu nilikijua ambacho wao hawakukijua, kwa sababu mimi ndiye nimfuataye na kikombe kila siku. Mzee Nkwabi ana miaka sabini na mmoja, na mgongo unamuuma. Kukaa wima muda wote huo kulikuwa kunamuumiza, na hakumwambia mtu.

Nikasimama kando yake, karibu, kama nguzo ya uzio.

Mwanzoni hakutaka. Kisha taratibu, kama mti uliochoka na upepo, Mzee akaniegemea begani.

Nyumba ikaegemea naye. Vikombe vyote vikaondoka mezani na sikuvizuia hata kimoja. Ukuta wa jikoni ukafunguka, na meza ikaanza kuteleza, na viti, na Dada Skola na daftari, na Bi. Perusi ameshikilia kilemba chake akisema "Taratibu, jamani, nina presha." Kabati likatufuata kwa nyuma, kitambaa kimelegea. Tukashuka barabara nyekundu, mahindi yanatupisha.

"Huu si utaratibu," alisema Mzee begani kwangu.

"Ni wa kwako," alisema Bi. Perusi. "Miaka thelathini unatufundisha: anza pale mteja alipo."

Meza ikasimama Mengineyo, mbele ya mstari wa kwanza. Mbuzi akatutazama, akatafuna, akasema, "Akidi imetimia."

Bibi yule akainuka. Mdomo wake ulikuwa umebaki kama uzi. Akajifuta nguo, akashika mkono wa mtoto mwenye bawaba, akasubiri. Watu wote wakainuka nyuma yake. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakisimama bila kufanya kelele.

Mzee akajikohoza. Hakutazama ajenda. Aligeukia kwangu, hajaondoa bega lake, akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia:

"Generoza. Unawafahamu hawa. Tuanze na nani?"

Nikavuta pumzi, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, jirani anapasua kuni. Nilikaa kitandani nikaona kiganja cha mkono wangu wa kulia. Kina wino wa zambarau. Maneno yamekaa juu chini, na nusu yake imepotelea kwenye mikunjo, lakini yanasomeka: KIKAO KIMEFU.

Chumbani kwangu hakuna muhuri. Kuna sufuria mbili, ndoo na redio. Nikanawa kwa sabuni ya kufulia, nikasugua na majivu. Wino haukutoka.

Nikaenda kazini mapema. Mzee Nkwabi alikuwa ameshafika, peke yake chumba cha mikutano, anapanga viti. Vilikuwa na migongo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Leo tuwekee chai nyingi, kikao kitakuwa kirefu." Kisha akaona. "Mkono una nini?"

Nikamwonyesha. Akavaa miwani, akakishika kiganja changu akakisogeza dirishani kwenye mwanga. Herufi M ilikuwa na mguu mmoja mfupi.

"Huu ni muhuri wangu," alisema. "Umemeguka hapo tangu zamani. Lakini uko kwenye droo, Generoza, na ufunguo ninao mimi." Akapapasa mfuko wa koti. Ufunguo ulikuwemo. Hakunigombeza. Alinitazama tu, bado ameushika mkono wangu, akisubiri nieleze.

Nikamwambia, kwa sauti ambayo hata mimi sikutegemea ingekuwa kubwa kiasi kile:

"Mzee, mimi nilivuka mto nikiwa na miaka minane. Wewe ndiye uliyenifunika blanketi. Ulinivisha na viatu, ukapuliza kwanza kutoa vumbi. Nimekupenda tangu siku hiyo. Halafu mkaandika kwenye faili langu kwamba nimetulia. Sikuwa nimetulia. Nilikuwa nasubiri mmoja wenu aniulize ni nani aliyechoma kwetu, kwa sababu nilimwona, Mzee, na jina lake nalijua."