Kilemba cha Mfalme wa Jiwe

Mkokoteni ulikuwa umeshashuka kilima cha mnara wa ibada, ng'ombe wanne wakivuta, na mfalme wa jiwe amelazwa chali juu ya majani ya mpunga kama mgonjwa. Ja Takok alifuata nyuma kwa miguu. Yeye ndiye mwoshaji: miaka thelathini na moja alimwogesha mfalme huyo wa Wacham kila sikukuu ya Kate, kisha Waraglai wakashuka milimani na mavazi yake waliyoyatunza, akavikwa. Sasa zilibaki siku kumi na mbili kufika Kate. Waraglai wakikuta hakuna wa kuvikwa, watarudi na mavazi na hawatashuka tena. Ndivyo walivyoapa babu zao.

Na aliyemponza mfalme ni Ja Takok mwenyewe. Bwana Perrichet, msomi aliyetumwa na chuo cha Wafaransa cha kuchunguza mambo ya kale, alikuja kupima mnara tu. Ja Takok akaona aibu mgeni amkute mfalme na gamba la unga wa sadaka wa miaka nenda miaka rudi. Akamsugua kutoka usoni mpaka kifuani. Chini ya unga yakatoka maandishi. Mfaransa akayabandika karatasi iliyoloweshwa, akaipigapiga kwa brashi hadi herufi zikajichora, na kesho yake akaagiza mkokoteni wa kumchukua.

Mtoni ng'ombe walisimama kunywa. Ja Takok akapanda mkokoteni, akaanza kumfungua mfalme kilemba, nguo pekee aliyobaki nayo.

"Shuka, mzee," akasema Kỉnh, karani Mvietinamu wa Bwana Perrichet. "Hicho kilemba kimo kwenye orodha ya mizigo."

"Orodha ndiyo iliyokifuma?"

"Mnakaa na kitu msichojua hata kukisoma, halafu mnakililia."

"Wewe unakisoma?"

Mfaransa ndiye aliyejibu, kwa Kicham cha vitabuni: "Kwetu atatunzwa. Kwenu popo wanamnyea."

"Popo wamemnyea miaka mia tatu, bwana. Hawajamhamisha."

Akashuka na kilemba, akaingia maji ya magoti, akaokota jiwe la mto lenye ukubwa wa kichwa cha ndama. Akaliosha mara tatu, akalivisha.

"Aliyevikwa ndiye mfalme," akasema. "Hilo lenu sasa ni jiwe. Nendeni nalo."

Kỉnh akainua fimbo. Perrichet akamzuia, akicheka, kijitabu tayari mkononi. "Mwache na kokoto lake. Hili nitaliandika."

Kweli aliliandika, mistari miwili, chini kabisa ya ukurasa. Alikufa kwa homa mwaka uliofuata. Kỉnh alifungua duka la mchele mjini Phan Rang. Mfalme yuko kwenye jumba la makumbusho, ana nambari, kichwa wazi. Waraglai walishuka siku ya Kate, wakalitazama jiwe la mto kwa muda mrefu, kisha wakafungua kapu la mavazi. Nguo zilipwaya, wakazikunja na kuzibana kwa vijiti vya mianzi. Ja Takok aliliosha miaka sita mingine, kwa maji matupu, bila kusugua. Halafu naye akafa.