Kumb. Na.

Mchora Mabango alikuwa juu ya ngazi tangu saa moja asubuhi, na ukuta ulikuwa unamgomea. Kila alipopitisha brashi, chokaa kuukuu ilibanduka ikadondokea kwenye kopo la rangi, naye akashuka, akaitoa kwa kijiti, akapanda tena. Chini, mwenzake Mchongaji alikanyaga ngazi kwa mguu mmoja asitulie, akichungulia kona ya barabara kila dakika.

"Tulia basi, utaniangusha."

"Yule wa manispaa anakuja leo na kamera. Akishapiga picha ya faili, kinachofuata ni tingatinga."

Nyumba ilikuwa moja ndefu, ya vyumba sita, na mwenyewe alikuwa anaishi mji mwingine. Wasanii hao wawili walizaliwa mtaa uleule. Kwa wiki tatu walikuwa wakiandika juu ya kila dirisha watu waliopata kulala chumba kile, kwa majina ya mtaani, maana ya kwenye vyeti hakuna aliyeyajua. Mama Redio. Fundi Baiskeli. Mwalimu Zamu. Walianza kwa ajili ya sanaa tu. Kisha ikaja barua: nyumba itabomolewa, na vyumba kule wapangaji wanakohamishiwa vitagawiwa kwa kufuata faili. Tangu siku hiyo wapangaji waliwaletea chai.

Afisa alifika saa nne, akasimama mbele ya ukuta, akatikisa kichwa.

"Hii nini?"

"Kumbukumbu, mkubwa," Mchora akasema. "Kibali hiki hapa."

Akakisoma taratibu. "Kweli. 'Uchoraji wa kumbukumbu za nyumba.' Sasa kumbukumbu ziko wapi?"

"Si hizo?"

"Haya majina, mama. Kumbukumbu ni namba. Kumb. Na. Hujawahi kupata barua ya serikali?"

Ndipo Mchora alipoelewa kwa nini kibali kilitoka siku ileile, bila hata ya kuambiwa njoo kesho. Ofisini walidhani wamepata mtu wa kuwaandikia namba bure.

"Kwenye faili hapa pana mtu mmoja, mwenye nyumba," Afisa akasema. "Futa hayo, andika kumbukumbu. Narudi saa tisa."

"Tusipofuta?" Mchongaji akauliza.

"Nitapiga picha ukuta wa nyuma. Ule hauna kitu."

Wakafuta. Mshonaji wa chumba cha tatu aliwatazama akiwa kwenye cherehani yake mlangoni. "Mwanangu, miaka thelathini na moja nimo humu. Mume nimemzikia humu. Leo nafutwa na ndoo ya chokaa?"

"Nipe nafasi nifikiri, shangazi."

Mpiga pasi wa chumba cha nne alitoa kichwa dirishani. "Asubuhi mnatuandika, mchana mnatufuta. Nyie mngeomba ajira serikalini!"

Chokaa ilipokuwa inakauka, Mchora alikaa juu ya kopo na kukitazama tena kibali. Juu kabisa paliandikwa: KUMB. NA. MNP/ARD/14/C.

"Hii ARD ni nini?"

"Nani anajua?" Mchongaji akasema. "Hata wao hawajui."

Mchora akanyanyuka. Alipanda ngazi haraka mno, ikayumba.

Saa tisa Afisa alikuta KUMB. NA. imekaa juu ya kila dirisha, nyeusi, imenyooka kama ya kiwandani. Chini ya dirisha la tatu palisomeka MSHNJ/CH.3/31. La nne, MPG/PS/CH.4/12. Hakuna dirisha lililosahaulika.

"Ndefu hizi."

"Vyumba sita, mkubwa."

"Hata hivyo safi. Ofisini wanapenda ndefu." Akafungua daftari, akazinakili moja moja kwa mkono wake, midomo ikicheza: "M, S, H, N, J, mkwaju..."

"Mimi ndiyo ipi?" Mshonaji akamnong'oneza Mchora.

"Hiyo anayoandika sasa hivi."

"Na hicho kimstari kilichoniegemea?"

"Kinaitwa mkwaju."

"Mkwaju! Basi wamenichapa kabisa," akasema, akacheka peke yake hadi machozi yakamtoka.

Mchongaji hakucheka. "Kuna atakayezisoma kweli?"

Mchora alikwangua rangi kwenye kucha. Huko ofisini angeweza kutokea karani mwenye subira, au faili likafungwa kamba likakaa.

Afisa alinyanyua kamera, akaishusha. Cherehani ilikuwa imesogezwa mbele kabisa ya dirisha la tatu, na Mshonaji ameinamia kitambaa.

"Mama, sogea hapo. Unaziba kumbukumbu."

Mshonaji akatia mguu kwenye pedali, akaendelea kushona. Afisa alisubiri, akatazama saa yake, akapiga picha hivyohivyo.