Mlango Uachwe Wazi

Asubuhi ile Attracta na ukungu walishika njia moja. Kwa miaka mingi barabara hii aliipita usingizini tu. Kila alipoiota, ilimfikisha kwenye lile shimo walilolipua wanajeshi ili kuufunga mpaka, shimo lililojaa maji hata bata wakalihamia. Ng'ambo yake alimwona jirani yake Wesley akiswaga ng'ombe, karibu kabisa, na bado yuko nchi nyingine. Leo amani imekuja, shimo limefukiwa, na miguu yake ikapita pale walipoogelea bata wala isilowe. Lakini Wesley amekufa, na leo anazikwa.

Attracta alikuwa na neno lake la kumwambia. Siku alipomzika mumewe Malachy, mvua ilinyesha kama mbingu imetoboka. Wesley alikuja, akavua kofia, akasimama nje ukutani misa nzima, maana chama cha Waprotestanti alichokuwamo kiliwakataza wanachama kuingia misa ya Kikatoliki. Wakatoliki nao, kina Attracta, hawakuingia kanisani kwao. Padri wa zamani alifundisha kuwa ni dhambi. Watu wa huku walijua kusimama nje kwa heshima kuliko walivyojua kuingia. Mwezi huohuo barabara ikalipuliwa, na asante ya Attracta ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alitaka kuitoa leo, kando ya jeneza, si barabarani.

Alipofika langoni mwa kanisa la kina Wesley, miguu ikagoma. Siku hizi hakuna anayekataza. Padri wao kijana mwenyewe alikuwa ameshaingia ndani, na mjukuu wa Attracta aliolewa pasipo kanisa lolote, jua likachomoza vilevile. Kichwa kilijua yote hayo. Miguu ndiyo ilikuwa ya zamani. Akajibanza ukutani, akajionea aibu mtu mzima yeye.

Hapo ndipo alipotambua kuwa mlango wa kanisa ulikuwa wazi kabisa. Upepo uliingia utakavyo, waombolezaji wakajikunyata, na mzee mmoja wa nyuma akalalamika kwamba kwa baridi hii watazikwa wote leo. Wimbo ulimfikia Attracta neno kwa neno, ukielea kwenye ukungu.

Hazel, mjane wa Wesley, aligeuka kwenye kiti cha mbele akamwona. Akatoka polepole, wimbo ukiendelea, mpaka ukutani.

"Nimewakataza wasiufunge," alisema. "Ni agizo lake. Aliniambia, 'Attracta atakuja, na atasimama nje, namjua yule. Mimi kwa Malachy walifunga mlango, sikusikia hata neno. Yeye asikie.'"

Attracta alilia bila kujificha. "Siku ile nilimwona alivyolowa, Hazel. Nikapita."

"Alirudi na mafua, mwenzangu. Alivyonisumbua, we acha tu."

Wakacheka, wajane wawili, huku machozi yakiwatoka. Attracta akaugusa mkono wa Hazel, ni baridi kama barafu.

"Twende ndani, utaugua bure," akamwambia, akamshika.

Kizingiti kilikuwa jiwe tu, limelika katikati kama la kanisani kwao. Akalivuka. Akaenda hadi kwenye jeneza, akaweka kiganja juu ya mbao, akamwambia Wesley asante yake kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na jirani uani. Kisha akarudi mlangoni, akaufunga, kwa kuwa nje hakukuwa na mtu tena.