Tuta la Bondeni

Mbiu ya mgambo ililia alfajiri ikiwaita watu wote kwenye kazi ya tuta, lakini jua lilipofika utosini Albertina alikuwa bado peke yake bondeni, matope yamempanda hadi magotini. Tuta lililokizuia kijito kisimwage mchanga katika majaruba lilikuwa limebomoka katikati. Mvua moja tu kubwa, na mpunga wake uliokuwa ukianza kuchanua ungefukiwa. Shamba jingine hakuwa nalo tangu avuke Ruvuma akivikimbia vita vya ng'ambo.

Lukasi, katibu wa kijiji aliyeletwa kutoka bara, alisimama ukingoni akijifuta jasho.

"Mama, nimewatangazia. Nimewatisha hata kwa faini!"

"Ndiyo maana hawakuja, mwanangu."

"Basi watu wa hapa huletwa na nini?"

Albertina aliinamia tena matope, ingawa jibu alilijua. Mchanga ule ulitoka mlimani, katika shamba la Mwanahawa lililolimwa hadi ukingoni mwa kijito. Na pale asipokwenda Mwanahawa, nusu ya kijiji haiendi. Mwezi uliopita Mwanahawa alifiwa na mama yake. Siku hiyo Albertina alikuwa Msimbati, huko pwani, akinunua samaki wakavu, naye, badala ya kurudi, alituma kikapu cha unga. Alidhani unga mweupe ungemsemea.

Alasiri alipanda mlima, kiuno kikimuuma.

"Hodi."

"Karibu," alijibu Mwanahawa, asiinue uso kutoka kwenye ungo. "Kumbe una miguu! Sisi tulidhani una vikapu tu."

"Nimekuja kukupa pole, dada."

"Unga wako tuliula, na ulikuwa mtamu. Lakini unga haulii, Albertina. Unga haulali mkekani pamoja na wafiwa."

Albertina aliketi. Alikusudia kuomba radhi kwa maneno aliyoyapanga njiani, lakini kilichotoka ni kilio. Mwanahawa alimwacha alie mpaka akatulia, kisha akampa maji.

"Huyo uliyemlilia si mama yangu."

"Ni wangu. Nilimwacha ng'ambo. Nilisikia tu kwamba amekufa."

"Nani alilala matanga yake?"

"Hakuna."

Mwanahawa aliweka ungo chini, akatandika mkeka mwingine. "Basi leo utalala hapa, tuwalilie wote wawili. Habari za mchanga ni za kesho."

Upande wa bahari wingu lilikuwa limekwisha kuwa jeusi. Albertina alilitazama, akaufikiria mpunga. Angaliweza kushuka, akazibe ufa kwa magunia. Alivua kanga ya begani, akajilaza. Mvua ikanyesha.

Asubuhi Mwanahawa alitangulia kushuka, wanawake na majembe nyuma yake, wanaume na mafungu ya matete ya kupanda yashike udongo. Lukasi aliwafuata. Walipofika bondeni walisimama: majaruba ya chini yote yalikuwa mchanga mtupu, na ncha chache za mpunga zilichomoza. Ya juu yalikuwa yamesalimika.

Mwanahawa aliinama, akachota mchanga ule, akauchuja kati ya vidole.

"Huu ni wangu," alisema. "Msimu ujao silimi ukingoni mwa kijito. Matete haya yaanzie kwangu, huko juu."

Albertina aliingia matopeni. Akawaonyesha kwa kidole mahali tuta lilipovunjikia, nao wakaanza kuchimba.